Mama Bado Hajafagia

Mafiga, Morogoro
Jumatano, 15 Aprili 2026
Asubuhi: manyunyu, ukungu umeufunika mlima hadi chini.

Mpendwa mdogo wangu Filomena,

Hujambo? Umeshazoea joto la Maskati? Na kile kifua kilichokusumbua ulipoondoka, kimepona? Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa. Bado napika wali wa watu wawili, halafu asubuhi nakula kiporo.

Nilikuhakikishia kwamba huko si mbali. Nilishapima kwenye simu: kutoka uwanja wa ndege wa Dar hadi Maskati ni kilomita kama elfu nne, ndege inatumia saa tano na nusu hivi. Siku ile nilipokusindikiza nilirudi kwa basi. Kibaha foleni, Chalinze mvua. Nashuka tu Msamvu, ujumbe wako ukaingia: umefika. Basi tumefika pamoja, wewe ng'ambo, mimi nyumbani. Nilicheka peke yangu pale stendi, kisha kicheko kikaniishia.

Jumapili nilipanda mlimani kwa mama. Barabara ya Nyandira imeporomoka, tukashushwa kwenye gari, tukamalizia kwa miguu kwenye tope. Nilitumia muda mrefu kuliko ndege yako.

Mama ni mzima. Shikamoo yangu aliiitikia mbiombio, akauliza, "Mwenzio amefika?"

Nikamwambia ulifika tangu Kwaresima.

"Amekwambia wewe. Mimi sijamsikia."

Filomena, chumba ulicholala usiku wa kuaga hakijafagiwa mpaka leo. Unamjua mama, nyayo za msafiri hazifagiwi kabla hajafika. Na kwake kufika ni sauti, si maandishi ninayomsomea mimi kwenye simu. Vumbi limejaa, mchwa wameanza kupanda ukutani, na ufagio ameuficha nisije nikafagia mimi.

Nikamweleza habari za safari, na kwamba saa ya huko iko mbele ya yetu kwa saa moja. Akanitazama. "Na hiyo saa moja ya mwanangu, imebaki kwa nani?" Tulicheka sana. Kisha akageukia mlango wa chumba kile.

Najua kazini simu mnaziacha mlangoni, na ukitoka umechoka. Lakini Jumapili hii misa ikiisha, mama atasimama kwenye kilima nyuma ya kanisa, pale mtandao unaposhika. Atakuwa na simu ya Mjomba Petro. Piga saa tano asubuhi ya huku, kwenu itakuwa saa sita. Usijisumbue kutafuta la kusema. Mwite tu mama, akusikie.

Barua hii anakuletea Sharifa, anayerudi kazini huko kesho, pamoja na maharage ya mama. Ukiyapika, yaloweke kwanza.

Mjomba Petro anakusalimu, na Mama Mdogo Kristina anauliza kama huko kuna kanisa karibu. Bikira Maria akutangulie kila unapotoka, na akurudishe.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Paskalia

Alhamisi asubuhi, kabla Sharifa hajapita: Jana nilishika ufagio ili nifagie upande wako wa chumba chetu hapa Mafiga, pale ulipoacha kandambili zako. Nikaurudisha nyuma ya mlango. Nimelala saa saba na robo usiku, kwenu saa nane na robo.