Mstari Mmoja wa Twende Kilioni

Dada mpenzi,

Huku hatujambo, ndivyo barua zinavyoanza. Mchoraji wa ghorofa ya juu ananichora. Kwenye turubai mistari ya nywele zangu inang'aa kama vijito. Ukiitazama sana unaiona inatembea. Jana aliniuliza msuko huu unaitwaje.

"Twende kilioni."

Akacheka. "Kwa nani?"

Amenisuka Mama, siku tatu, akipumzika kila baada ya mstari. Wa mwisho ameuacha. "Huo wa dada yako," alisema, akasinzia. Mchoraji alitaka kuumalizia kwa rangi; nikamkatalia katakata. Anichore hivyohivyo, upande mmoja timutimu.

Sasa Mama hashiki hata kitana. Njoo unimalizie, Dada, kabla jina la msuko halijatimia.

Mdogo wako,
Kitindamimba