Mume Wetu Anachoma Korosho

Zuhura, mke mwenzangu, salamu tele kutoka Miteja, na kaa chini kwanza.

Nimemwona mume wetu! Yule mwimbaji ambaye picha yake tuliibandika ndani ya mlango wa kabati tukiwa darasa la sita, tukaapa atuoe sote wawili ili tusigombane. Anachoma korosho hapa kando ya barabara! Ile suruali pana haipo tena, nywele nazo zimemhama, lakini kitambaa bado anakifunga vilevile, fundo kwenye paji la uso.

Miaka yote nilijua nitamwambia nini siku nikikutana naye. Unajua kilichonitoka? "Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia, nikawasimulia kiapo chetu, yeye na mkewe. Mwanamume akaziba uso kwa aibu. Mkewe ndiye aliyenikaribisha: "Nafasi zipo, mdogo wangu. Ila hapa kwangu, mke wa mwisho kufika ndiye anayebangua." Akanisogezea jiwe la kupasulia maganda na rundo la korosho zilizoungua.

Basi nimebangua asubuhi nzima, mume wetu akituimbia ule wimbo wetu huku moshi ukimkohoza. Ubeti wa pili aliusahau. Nikamwimbia wote, mimi, bila kukosea hata neno!

Hilo doa jeusi pembeni ni kidole changu. Nakupenda, nimekukumbuka, na wivu usiwe nao. Panda basi uje upesi, mpenzi, ili uwe wewe wa mwisho kufika.

Bi mkubwa wako,
Mwajuma