Tulichagua Meli Inayotetemeka

Baba,

Nimerudi kutoka baharini. Mimi Mumbua wako, uliyekuwa ukinicheka kwa kuogopa hata dimbwi la mvua pale mlangoni, nimelala siku saba juu ya maji. Mama naye. Na wajukuu wako wawili. Nipo Buruburu sasa, nguo ziko kwenye kamba, lakini nikifumba macho kitanda bado kinakwenda na kurudi. Nataka nikusimulie yote kwa mpangilio, maana ndani yake kuna jambo moja linalotuhusu wewe na mimi tu, na nikianza na hilo kalamu itaanguka.

Safari ilikuwa ya Ndunge. Unajua mdogo wangu hakuwahi hata kukuzika. Karatasi zake za huko Ulaya zilikuwa hazijakamilika na angetoka asingerudi kwenye kazi yake ya unesi. Zilipokamilika alinipigia simu. Alisema hataki kuja kukaa kwenye viti vya plastiki apokee pole za mwaka mzima. Anataka tukae pamoja mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu atakayepika wala kuosha sufuria.

"Kuna meli za kitalii zinazopandiwa Mombasa," alisema. "Kulipa ni juu yangu. Kuchagua ni juu yako, wewe ndiye mwenye watoto."

Basi, Baba, hebu fikiria. Mtu aliyelelewa Shauri Moyo kwenye chumba kimoja, anaambiwa achague meli. Nilikwenda mjini kwa wakala wa safari, dada mmoja mchangamfu, akanitandazia picha juu ya meza. Nilishika kichwa. Kumbe kampuni za meli ni nyingi, na kila moja ina tabia zake kama watu. Kuna zisizotaka mtoto hata mmoja akanyage ndani. Kuna zenye mabwawa ya kuogelea paani, na sinema, na mahali pa kucheza mpira. Nikauliza kama mjinga, "Hii ni meli moja au ni mji?"

"Ni meli moja, dada," akasema akicheka. "Na pengine ina watu kuliko mtaa wenu wote."

Nikatazama ile picha nikikukumbuka na masanduku yako ya shule. Maisha yako yote ulikunja mabati, ukajua uzito wa kila kipande. Ningekuuliza chuma kingi namna ile kinaeleaje. Sijui ungenijibu nini. Nafikiri ungevua miwani tu.

Zilibaki meli tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, kubwa, yenye vitelezi vya maji vilivyojisokota kama tambi. Ya pili ilikuwa tulivu, ya wazee wanaosoma vitabu. Ya tatu ilikuwa ndogo na ya zamani kidogo, yenye mstari wa kijani ubavuni. Ndunge alitaka ya kwanza. Kyalo wangu, ambaye ana miaka kumi na mmoja na anajua kila kitu, alitaka ya kwanza pia. Mama alisema atapanda yoyote ambayo haizami. Baba watoto, mume wangu, alituachia sisi. Lori lake lilikuwa na mizigo ya Kampala na alijua hataenda.

Akabaki Mutheu.

Baba, hili sikukuambia hata nilipokuja kaburini. Mutheu ana miaka tisa sasa. Masikio yake ni yale yale, hayasikii kitu. Lakini tangu tulipokuzika, mikono yake nayo ilinyamaza. Shuleni walisema anajibu akiulizwa, basi. Nyumbani hakusema lolote. Alikula, akaoga, akakaa dirishani. Nami nilijua sababu, au nilidhani najua. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukizungumza naye. Mzee mzima, kila Jumamosi asubuhi, ulikwenda shuleni kwao ukakaa kwenye kiti kidogo katikati ya watoto, ukajifunza lugha ya ishara kwa vidole vyako vinene. Sisi wengine tulikuwa na ishara za jikoni tu. Kula, njoo, lala, hapana. Tuliona zinatosha kwa sababu wewe ulikuwepo.

Nilimwekea zile picha tatu mbele yake nikiwa sina tumaini. Akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kiganja chake bapa, akakitikisa, na kuinua nyusi zake. Lilikuwa swali. La kwanza kwa miezi mingi.

Nilidhani anaogopa mawimbi. Nikaashiria hapana, hapana, usiogope. Akakasirika. Akashika mkono wangu, akaubandika juu ya meza, akaingia chini ya meza na kuanza kugonga mbao kwa ngumi. Ikanifikia kiganjani. Hapo nikaelewa. Alipokuwa mdogo ulikuwa ukimlaza mkono kwenye bati huku ukipiga nyundo upande wa pili, naye akicheka mpaka mafundi wenzako wanaacha kazi kumtazama. Alikuwa anauliza kama meli inatetemeka. Alikuwa anauliza, kwa njia yake, kama ina sauti.

Nikaziandikia kampuni zote tatu. Niliuliza kama chumba cha kuchezea watoto kinampokea mtoto kiziwi, na kama meli inatetemeka. Ile kubwa ilijibu siku hiyo hiyo, kwa adabu nyingi. Mtoto wa aina hiyo ataruhusiwa iwapo mzazi atakaa naye muda wote; na kuhusu kutetemeka nisiwe na wasiwasi, meli yao haisikiki hata kidogo. Ile ya wazee haikujibu. Ile ya mstari wa kijani ilikaa siku nne, kisha akanijibu mwanamke anayeitwa Liza, msimamizi wa chumba cha watoto, Mfilipino. Aliandika kwamba ana kaka kiziwi, lakini ishara za kwao si za Kenya. "Naomba unitumie video ya binti yako akisema jina lake na vitu anavyovipenda, nijifunze kabla hajafika." Na chini kabisa: ndiyo, vyumba vya nyuma kwenye ghorofa ya tatu vinatetemeka kwa sababu ya injini. Wageni hulalamika sana. Anaomba radhi.

Nikapiga simu kwa wakala nikaomba vyumba hivyo hivyo.

Ndunge karibu avunje simu. "Mumbua! Nakulipia raha, wewe unatafuta vyumba ambavyo watu wanavikimbia?"

"Vitamfaa Mutheu."

"Na mimi je? Nimefanya kazi zamu za usiku miaka sita. Nataka usingizi, sitaki kulala juu ya mashine ya kusagia posho!"

Nilimsikia akivuta pumzi huko kwenye baridi yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kweli aliuliza mwenyewe? Kwa mikono?"

"Mwenyewe."

"Basi kata hizo tiketi."

Tuliteremka na treni. Ndunge alikuwa ametangulia, akatupokea bandarini, akamkumbatia Mama wakalia wote wawili, hawakujali foleni. Nami nilikuwa nimeshainua kichwa. Baba, hakuna picha inayoweza kukuandaa. Nilisimama chini ya ukuta wa chuma uliokwenda juu mpaka kofia ikanianguka nikiutazama. Niliona mistari ya kuchomelea, mirefu, imenyooka, na nikataka uwepo uipitishe kidole. Mama aligusa ule ubavu kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa ng'ombe wa jirani. Akasema, "Watu walitengeneza hiki? Watu kama sisi?" Kyalo, mjuaji wetu, alihesabu madirisha akapotea.

Tulipoingia chumbani Mutheu aliweka begi lake sakafuni. Injini ziliponguruma, nilimwona akishtuka. Akavua viatu. Akabandika kiganja ukutani, kisha cha pili, kisha shavu, akafumba macho. Alipofumbua alikuwa anacheka, na akamgeukia Ndunge, akapiga ngumi kwenye kiganja chake mwenyewe, mara mbili. Ndunge akaniuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia hilo ni jina lako wewe, Baba. Ndivyo anavyokuita, kwa nyundo. Ndunge akavua viatu vyake pia, akabandika shavu ukutani kando ya mpwa wake. Hakulalamika tena kuhusu chumba.

Liza alikuwa amejifunza. Mlangoni pa chumba cha watoto alipiga magoti akatamka jina la Mutheu kwa vidole, kwa ishara zetu, akakosea herufi moja. Mutheu alimrekebisha. Kutoka hapo akageuka mwalimu. Nilipita kesho yake nikakuta watoto wa mataifa sijui mangapi wamekaa chini wakiiga mikono yake, hakuna anayepiga kelele. Nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi, nimeona wakubwa wakitafuta heshima ya namna ile bila kuipata.

Siku ya tatu ndiyo hii ninayoiogopa. Tulikuwa tumeiacha Zanzibar, maji pande zote, buluu isiyo na mwisho, mpaka mtu unaona aibu kwa udogo wako. Nilikwenda kumchukua Mutheu kwa chakula. Alikuwa anawasimulia wenzake kitu, mikono inakimbia. Nilisimama mlangoni nikiduwaa, mama mzazi nisiyeelewa hadithi ya mwanangu. Kisha nikaona ngumi kwenye kiganja. Wewe. Nikaona shavu likilala juu ya mkono. Nikaona akigusa ncha ya sikio lake. Hilo ni jina langu, kwa sababu ya hereni. Watoto walikuwa wameacha kutabasamu.

Nilimpeleka juu, kwenye benchi. Nikamwomba, "Rudia. Polepole." Alinitazama kwa muda mrefu akinipima. Kisha akarudia. Nisipoelewa alirudia tena, na pale mikono yangu iliposhindwa kabisa aliandika neno kwa kalamu ya rangi. Tulimaliza mchana mzima.

Unaikumbuka ile Jumamosi. Nilikuwa kwa Mama nakaanga chapati. Mutheu alikuja mbio kutoka kwenye kibanda chako cha masanduku, akapiga ngumi, akalaza shavu mkononi. Nikasema, "Babu amelala? Mwache apumzike." Nikarudi kwenye kikaango. Tangu siku hiyo nimewaambia watu wote kwamba mtoto alikukuta umelala, na kwamba ulituaga usingizini.

Hakukukuta umelala. Ulikuwa umeketi chini umeegemea masanduku, mkono mmoja kifuani, na kwa ule mwingine ulizungumza naye. Ulimwambia asiogope. Ulimwambia amwite mama yake. Naye akaja akaniambia: Babu ameanguka, anakuita. Shavu mkononi, kwenu ninyi wawili, lilikuwa pia kuanguka; mimi wa ishara za jikoni nilijua usingizi tu. Lakini lile "anakuita" lilikuja nikiwa nimeshampa mgongo. Alinivuta gauni. Nikampa kipande cha chapati.

Akarudi nacho. Akakaa, akakushika mkono. Anasema ulikuwa unagonga kidogo kidogo, kisha ukaacha.

Sikuweza kulia, Baba. Mtoto mdogo vile alibeba hilo peke yake, akalitembeza shuleni na nyumbani, akala nalo mezani petu. Aliniuliza kama ishara zake zilikuwa mbaya. Ndiyo maana alikuwa ameziacha. Alidhani ni mikono yake iliyokosea.

Nilipiga magoti kwenye mbao za sakafu pale juu, watu wakipita na bilauri zao, nikamwambia kwa ishara zangu za jikoni: mikono yako mizuri. Macho ya mama mabaya. Akafikiri. Kisha akanishika vidole akanirekebisha, kwa sababu neno "macho" nililikosea. Ndipo akaniegemea, na uzito wake wote ukaja kwangu.

Ndunge, kwa unesi wake, ananiambia pengine hata ningekimbia nisingekuwahi. Pengine. Hata yeye anasema neno hilo akitazama pembeni.

Sasa nyumbani kwangu chakula kinapoa mezani kwa sababu Mutheu hanyamazi. Kyalo analalamika kwamba dada yake anaongea sana, na anasema hivyo kwa ishara ili naye amsikie. Mama anajifunza, juzi alitaka chumvi akaomba punda. Nami kila Jumamosi nakwenda shuleni kwao, nakaa kwenye kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu anasema mikono yangu ni mizito lakini ina bidii.

Ninakuahidi hivi: mtoto huyu hataniona mgongo tena mikono yake ikiwa hewani. Chapati iungue. Simu iite. Nitangoja mpaka vidole vyake vitue mapajani, ndipo nijibu.

Pumzika, Baba. Uliniita. Nimechelewa sana, lakini ujumbe umenifikia, na aliyeuleta hakukosea hata neno moja.

Mwanao,
Mumbua