Sare Nyuma ya Mlango

12 Januari 2014

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila cherehani yangu inakohoa kuliko mimi. Mdogo wako Kitinda amefaulu! Hakai chini kwa furaha. Nimeshamshonea sare ya sekondari, upindo nimeuacha mpana maana anarefuka kila nikigeuka. Sasa wewe uliye huko wizarani, hiyo shule yetu mnaijenga lini?

Mama yako

2 Februari 2014

Shikamoo Mama,

Pole na cherehani. Mpe Kitinda hongera zangu. Mama, fedha hazikutosha shule na barabara kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilipendekeza barabara itangulie: mazao yafike sokoni, uchumi ukue, ndipo tupate cha kujengea shule. Ni kusubiri mwaka tu, ikizidi miwili. Mwambie asikate tamaa.

Mwanao

20 Agosti 2014

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sare ingali inaning'inia nyuma ya mlango. Kitinda kachoka kuitazama, amekwenda kuponda kokoto za hiyo barabara yako. Nimemkataza, akacheka: "Dada kasema barabara ikiisha ndipo shule ianze. Basi acha niiharakishe." Anarudi jioni vumbi hadi kwenye kope. Mwandikie wewe, labda atakusikia.

Mama yako

9 Novemba 2014

Shikamoo Mama,

Nimefika salama kutoka mazishini. Sili, silali. Nikifumba macho naona yale mawe yakimporomokea Kitinda, na mimi sikuwapo. Barua niliyomwandikia ilikuwa bado mezani kwangu. Niandikie Mama, hata kama ni kunilaani.

Mwanao

21 Januari 2018

Mwanangu,

U hali gani? Miaka yote hii mkono ulikataa kuandika. Sikukulaani. Barabara ni nzuri, mazao yanafika sokoni, watu wanajenga, hata mimi nina cherehani mpya. Ulisema kweli.

Na shule imefunguliwa. Binti wa muuza mkaa hakuwa na sare, nikamvika ile ya nyuma ya mlango. Ilimkaa sawasawa, upindo sikuugusa.

Kila asubuhi anapita dirishani kwangu. Nikimwona kwa nyuma namwita, "Kitinda!" Siku za kwanza alikuwa hageuki. Sasa nadhani ananihurumia, maana anasimama, anageuka, anaitika, "Abee, Mama."

Naogopa, mwanangu. Nimeanza kumwekea chakula. Njoo unitoe hapa dirishani.

Mama yenu