Mdomo Wangu na Ndege wa Jabalini

Mtani wangu Kibwana,

Vuli imeanza. Ndege wako walirudi, kisha wakaondoka tena, na kosa ni la mdomo wangu. Sina wa kumwambia ila wewe.

Habari za mjini kwanza. Gati bado linanivunja mgongo kwa marobota ya katani. Pale sokoni Kariakoo ulipokuwa ukiuza nazi amekaa Mchaga mmoja na vitunguu vyake. Ni mtu mwema, lakini hajui kutukana, kwa hiyo sisimami. Mnazi Mmoja siku hizi ni mikutano ya uhuru tu. Ungefurahi.

Siku ya kuanua matanga yako nilifanya kazi yangu. Mnyamwezi hawezi kukaa kimya kwenye msiba wa mtani wake Mzaramo. Ningenyamaza, ungefufuka unipige. Nikavaa kanzu yako kinyume, nikakunja ngumi mbili machoni, nikawa nainama na kunyanyuka kama wewe ulivyokuwa ukiwatazama ndege kule jabalini ufukweni, nyuma ya minazi ya Upanga. Nikasema, "Mlidhani kila Jumapili Kibwana anaenda kwa mke mdogo Magomeni? Mke wake ana miguu mirefu, anakula kaa, na nyumba yake ni jabali la Upanga." Watu walishika mbavu. Shemeji Mwanaidi alikuwa chumbani, ndani ya eda, tukamsikia akicheka nyuma ya ukuta. Miaka yote aliyaamini yale maneno ya Magomeni, na wewe kwa ubishi wako hukumwambia kitu, ukiona haya kusema kwamba mtu mzima unakwenda kutazama ndege usiowala. Nilirudi nyumbani nikijiona fundi.

Sikufikiri ni nani wengine waliokuwa wakisikiliza. Wakati wa kusi jabali huwa karibu tupu, kwa hiyo sikuona kitu. Mvua za kwanza za vuli zilipoanguka nikaenda. Vitwitwi, hao ndege wako, walikuwa wameshuka, wamekonda, wamechoka hata kukimbia, na vijana wa mtaani kwetu walikuwa pale na manati. Mmoja akanisalimu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Ni huku huku ulikotuelekeza." Nikaitika marahaba, Kibwana. Kumbe nao walikuwa matangani. Niliwafukuza kwa matusi yote ninayoyajua, lakini Jumapili iliyofuata nilikuta manyoya tu kwenye mawe.

Ninaona aibu hata kulitaja jina lako. Nakumbuka uliponiburuta kule mara ya kwanza, kaskazi ikivuma, nikakuuliza hawa wanapikwa vipi. Ulininunia njia nzima mpaka Kariakoo. Masika yalipokaribia ukanionyesha jinsi vifua vya wengine vilivyoanza kuwa vyekundu, ukaninong'oneza, "Hao wanaaga." Mimi niliyezoea kupayuka gatini, nikanong'ona pia. Hukuwahi kumpeleka mtu mwingine pale.

Shemeji ametoka eda. Tangu hapo ananiomba nimpeleke akawaone hao wake wenza wake. Nimesingizia mvua, nimesingizia mgongo. Niliogopa kwamba akikuta jabali tupu atarudi kuyaamini ya Magomeni, na wewe huna tena mdomo wa kujitetea. Jana alikuja mwenyewe mpaka kwangu, akakaa barazani, hakutaka hata chai. Nikamwambia yote: kwamba ndege walikuwepo kweli, kwamba ndiko ulikokuwa ukienda, na kwamba mimi ndiye niliyewaletea wenye manati. Alifunga na kufungua pindo la khanga yake. Kisha akasema, "Basi, shemeji, nionyeshe alipokuwa anakaa."

Afadhali angenitukana.

Kesho nitampeleka. Nitamketisha kwenye lile jiwe lako, kisha mimi nitashuka kusimama njiani, na kijana yeyote mwenye manati atanikuta. Nitafanya hivyo kila Jumapili mpaka masika, hata kama atakayerudi ni kitwitwi mmoja. Pumzika, Mzaramo mbishi wewe. Matusi yako nimekuwekea ya siku nyingine. Kesho, mbele ya mkeo, nitanyamaza.

Mtani wako,
Masanja