Blanketi Jekundu la Bungoma

Shosho,

Kabla hujauliza mengine, jua kwamba mimi mjukuu wako sasa ndiye daktari mkuu wa Trans-Nzoia yote, mpaka Suam mpakani. Shule niliachia Form Two, sawa, lakini homa ikisikia pikipiki yangu inageuza njia na kwenda kusumbua watu wa Eldoret.

Huu ndio mwezi wa saba wetu wa kwanza bila wewe, na baridi ya Kitale haijaambiwa tuna msiba. Ukungu unalala kwenye mahindi hadi saa tatu asubuhi. Abiria wanajifunga leso mpaka puani, siwezi kujua nani mwalimu nani mkora. Bado naweka gazeti kifuani ndani ya jaketi vile ulinifundisha. Ulikuwa unanipigapiga hapo ukisema, "Hiki ni kifua, Ndung'u, si ukuta." Siku hizi najipigapiga mwenyewe kabla ya kuwasha pikipiki. Wenzangu wa steji ya bodaboda wanadhani nimeokoka.

Guka, mzee wako, yuko. Najua ndiye unayetaka habari zake, mimi ulikuwa unanivumilia tu. Ulipokuwa umelazwa uliniambia, "Baridi ikianza, usimwache mzee na kikohozi peke yake." Nikaapa. Na kikohozi kikaja, goti nalo likakataa kukunjwa. Nilimpeleka dispensari. Nesi akamsikiliza kifua, akasema ni homa ya kawaida, anywe vitu moto, akishindwa kupumua tumrudishe mbio. Basi asubuhi ni uji wa wimbi, jioni tangawizi na ndimu. Ati chai yangu ina ladha ya sabuni. Lakini kikombe anamaliza. Goti nalipaka mafuta ya kondoo, anapiga kelele kama anachinjwa, halafu anauliza mbona nimeacha mapema.

Jumapili alitembea mwenyewe mpaka kanisani. Akaimba, vibaya vilevile. Kama ulisikia huko uliko, pole.

Sasa kaa chini, Shosho.

Si unakumbuka lile blanketi jekundu ambalo wakwe wa Bungoma walikufunika nalo siku walipoleta mahari ya Shangazi Wairimu? Ulilifungia sandukuni miaka yote, sisi tukitetemeka, ukisema hiyo ni heshima, si kitu cha kulalia. Jioni moja kikohozi kilimbana Guka, nikachuma majani ya mkaratusi nimfukize. Blanketi zetu ni nyepesi, mvuke unatoroka. Nikafungua sanduku.

Wewe ulikuwa unaipua sufuria kwanza, unaiweka sakafuni mbali na moto, ndio unamfunika mgonjwa. Daktari mkuu akaona hiyo ni kupoteza mvuke. Nikamfunika mzee pamoja na jiko likiwa na makaa.

Guka hakuungua, hata unywele mmoja. Blanketi ndilo lilitoboka, tundu kama sahani. Nilimwambia cheche iliruka. Akaniangalia, akasema, "Cheche za siku hizi zina mikono."

Nililipeleka Bungoma kwa Shangazi nikitetemeka kuliko mgonjwa. Hakunipiga. Alikata pindo la gauni lako la kijani la kanisani, lile ulilomwachia, akaziba tundu. Nilipolirudisha, Guka akakataa lisirudi sandukuni. Anasema ulimtesa na baridi maisha yote na joto lilikuwa pale chini ya kufuli. Analilalia kila siku, hicho kiraka chako kikiwa kifuani. Kikohozi kimepungua, bana. Hata dawa yangu naishuku.

Sasa naipua kwanza. Na nikimfukiza, naingia naye humo chini ya blanketi, jasho linatutoka wote wawili, yeye akinisimulia jinsi ulivyomkataa mara tatu. Nakuahidi nitafanya hivyo baridi hii yote, na zote ambazo Mungu atampa. Pumzika, Shosho wangu. Huku kuna mtu.

Utauliza kwa nini daktari anajifukiza na hana homa. Kwa sababu siku ile blanketi lilipotoboka sikuwa ndani. Nilimfunika, nikatoka getini kupiga stori na vijana, nikijisifu vile namtibu. Jiko alilisukuma mwenyewe, kwa lile goti bovu.

Aliniita mara mbili, Shosho. Ya kwanza niliisikia.