Vazi la Blogu ya Mama

4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unakifuga? Mimi ni mzima, ila goti linanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi za kiwanda cha mikate. Mikono bado inakanda, kwa hiyo sina la kulalamika.

Nimekata shauri, nawe ndiye wa kunisaidia. Unazikumbuka ndoto za mama? Kila asubuhi alipokuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli, chai haikunyweka mpaka atusimulie. Ndoto mbaya aliliambia bomba kwanza, maji yakitiririka, ili iende zake. Nzuri ndiyo aliyotuletea sisi. Tangu atutoke mwaka jana nimekuwa nikiwasimulia wenzangu kazini wakati unga unaumuka, nao wamenishikilia nifungue blogu. Sasa nina mdogo wangu anayewatengenezea watu tovuti, nami sina hata ukurasa. Mganga hajigangi, sawa, lakini dada yake naye amekosa nini?

Kuna jambo jingine, na hilo ndilo linalonisukuma. Sura ya mama inanitoka. Sauti ninayo, harufu ya pasi ninayo, lakini nikifumba macho niuone uso, naona kitambaa cha kichwani tu. Picha hatuna, unajua mwenyewe: kamera ikitoka, yeye alikumbuka sufuria jikoni. Ile moja ya kitambulisho cha kazi aliisahau mfukoni mwa aproni, ikaingia kwenye maji ya moto pamoja na mashuka. Dobi amejifua mwenyewe, tukacheka wiki nzima. Leo sicheki. Naogopa nikizichelewesha ndoto, nazo zitaufuata uso.

Dada yako

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama. Kikohozi kimekwisha, kimebaki kile cha kuombea ruhusa kazini. Hilo goti lisikilize, ngazi uzipande polepole, mikate haikimbii.

Blogu nimekwisha kuifungua. Sasa inahitaji themu, yaani muonekano wake: rangi, herufi, mahali pa picha. Ichukulie kama vazi. Maneno ni yako, themu ndiyo inayoyavika. Ziko za bure na ziko za kulipia. Ya bure unaivaa ilivyo, labda upunguze pindo. Ya kulipia unaweza kuifumua na kuishona upya upendavyo. Nimeivisha ya bure kwanza tuone itakavyoikaa.

Jirani yangu wa meza hapa ofisini ni mchoraji, na kazi yake ya pili ni kunicheka. Anasema nikipanga visanduku kwenye skrini nafumba jicho la kulia, kama mtu anayelenga ndege kwa manati. Mimi sijawahi kujiona, kwa hiyo nimekataa.

Andika ndoto ya kwanza. Mimi nitaipigia pindo.

Mdogo wako, Kitinda

15 Februari

Kitinda,

Marahaba, baba. Hali yangu si mbaya, goti limetulia.

Nimeitazama blogu. Usinune, lakini inafanana na ubao wa matangazo wa zahanati. Herufi ni sisimizi. Pembeni kuna visanduku vitupu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Chini kabisa kuna jina la aliyeitengeneza, kama gauni lililoshonwa kwa gunia la unga na chapa imebaki mgongoni. Halafu kila ndoto inawekewa tarehe. Ndoto ina tarehe gani? Itoe.

Nimeandika ile ya mlango. Mama amebeba mlango kichwani, anapita mtaa kwa mtaa akiuliza ni nani mwenye ukuta. Kila mtu anamwambia pita mbele. Mwishowe anachoka, anausimamisha barabarani, anaufungua, anaingia, na ndani kuna watu wote aliowauliza, wamekaa wanamsubiri. Unakumbuka alivyoimaliza? Alisema, "Na hakuna hata mmoja aliyenipokea mzigo."

Kwenye hiyo zahanati yako ndoto hii inaonekana kama tangazo la chanjo. Tafuta vazi jingine.

Dada yako

22 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi kazi zimenizidi, kuna mteja anayebadili rangi ya tovuti yake kama anayebadili soksi.

Tarehe nimeziondoa. Jina la chini halitoki kwenye themu ya bure, ndiyo bei yake. Kwa hiyo leo nimeivisha blogu themu ya kulipia, kwa majaribio ya wiki mbili. Sijaipanga bado, nimeiweka tu na kukimbilia kazini. Itazame utakapopumzika, uniambie kama tuichukue au tuirudishe.

Kitinda

23 Februari

Kitinda,

Picha ya mama umeitoa wapi?

Nimefungua simu wakati mikate imo tanuruni, nikamwona amesimama dirishani, ametupa mgongo, pazia limejaa upepo, mkono wake uko juu ya kizingiti cha dirisha. Kitambaa kimefungwa kama alivyofunga yeye, fundo chini ya sikio. Nimelia mbele ya watu, na mikono yangu ya unga. Msimamizi akadhani nimeungua.

Kwa nini hukuwahi kuniambia kwamba unayo? Sikukasirikii. Asante. Usiirudishe themu hii, hata iweje.

Dada yako

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi.

Themu nimeilipia. Ni yetu sasa, haiondoki. Habari za picha nitakueleza vizuri tutakapopata nafasi.

Herufi nimezikuza mpaka bibi asiye na miwani azisome. Vichwa vya ndoto nimevipa rangi ileile ya pazia. Visanduku vya pembeni nimevifuta vyote, ukurasa umebaki na nafasi pande zote mbili, maneno yapate pa kupumulia. Ukishuka chini, ndoto inayofuata inajitokeza polepole. Kuna ukurasa mmoja bado, ule unaoitwa Kuhusu, wa kueleza mama ni nani. Huo ni wako.

Kitinda

11 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Salamu kwa mapenzi. Naona barua zako zimekuwa fupi, je, unakula? Mimi nalala vizuri siku hizi, jambo ambalo sikulitegemea.

Nikirudi kutoka kazini nafungua blogu kabla ya kuvua viatu. Namsalimia, halafu naandika. Nimeandika ile ya ziwa, alipolikunja mara nne kama shuka akaliweka kabatini, na sisi kitandani tukawa tunasikia kabati likipumua. Nimeandika ile ya ngazi zinazopanda mpaka kwenye kicheko cha jirani. Watu wanasoma. Mama mmoja nisiyemjua ameandika chini kwamba naye leo asubuhi ameliambia bomba ndoto yake, na siku imemwendea vyema. Nahisi nyumba imepanuka, kama vile kuna chumba tulikuwa hatujakifungua.

Nina ombi moja. Ninyi mafundi mnajua mengi. Huwezi kuigeuza ile picha kidogo? Sisemi yote. Kidogo tu, nione upande wa shavu. Ule ukurasa wa Kuhusu nimeuacha wazi kwa sababu hiyo. Nikiona shavu, mengine yatanijia.

Dada yako akupendaye

27 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza na kuifuta mara nyingi. Kaa kwanza, kama umesimama.

Picha ile si ya mama. Ilikuja na themu. Watengenezaji huweka picha za mfano ili mnunuzi aone vazi likiwa limevaliwa, kisha mwenye blogu huweka zake. Nilipaswa kuiondoa kabla ya kukuonyesha. Siku ile nilikuwa na haraka, nikaiacha, na sikukuonya. Kila anayeinunua themu hii anapewa mwanamke huyohuyo. Simjui ni nani wala anatazama nini.

Ulipouliza, niliifungua blogu ili nikuandikie kwamba umekosea. Nikaitazama ile shingo, ule mkono, lile fundo. Nikashindwa kusema si yeye. Nilijua imetoka wapi, Dada, na bado nikashindwa. Ndipo nilipotambua kwamba sura yake imenitoka mimi pia. Niliogopa sana. Nikalipia ili asituondokee tena.

Haya yote nililiambia bomba la chumba changu kabla ya kukuambia wewe. Hayakwenda zake.

Nisamehe.

Mdogo wako

16 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumai huumwi. Simu yako inaita tu.

Leo nimefungua blogu nikakuta mwanamke wa dirishani hayupo. Palipokuwa na picha pana weupe. Sikujua kwamba umejifunza kuingia jikoni kwa blogu. Ndoto zipo zote, na chini watu wanauliza yule mama ameenda wapi.

Mteja wa soksi anataka kijani sasa. Nakuandikia hili ili ujue bado nipo hapa.

Kitinda

3 Mei

Kitinda mdogo wangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Goti limekubali ngazi, na moyo nao umekubali kukuandikia.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilikasirika mpaka unga ukaniogopa. Baada ya barua yako nilimtafuta yule mwanamke, nikamkuta kwenye blogu ya muuza mapazia na kwenye blogu ya mtu anayefuga njiwa. Mahali pote amesimama vilevile, upepo uleule. Nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa nikimsalimia kila jioni. Nikamtoa kwa mkono wangu. Wasichana wa kazini walinionyesha pa kubonyeza, na usiwadharau, wanajua kukushinda.

Lakini kabla ya kumtoa nilimtazama mara ya mwisho, bila mapenzi, kama ninavyoutazama mkate unaotaka kurudishwa. Nikauona ule mkono. Umelala tu kizingitini, hauna kazi. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Mama hajawahi kuacha mkono wake ulale hivyo." Ningeweza kuliona hilo tangu siku ya kwanza. Sikutaka kuliona, nadhani, kwa sababu nilipenda kumwona amepumzika. Kwa hiyo tulidanganyika wawili, na mimi nilianza kabla yako.

Basi sikia. Usiku wa juzi nimemwota. Tangu afariki alikuwa hajanijia hata mara moja. Alikuwa dirishani, palepale pa ile picha, pazia lilelile limejaa upepo. Nikasimama nyuma yake, naogopa kumwita, maana nilijua akigeuka nitamkuta mwanamke wa muuza mapazia. Mara nikasikia harufu ya kuungua. Akageuka mwenyewe, kwa haraka, na alikuwa yeye. Akaniuliza, "Sufuria nani anaiangalia?"

Nimeamka nacheka na kulia. Sikwenda bombani. Nimewasha taa nikaandika ukurasa wa Kuhusu palepale, kabla haijapoa. Nimeandika kidevu chake, kile kilichokuwa kinatangulia mlangoni akiwa na hasira. Nimeandika masikio madogo, la kushoto lenye kovu la pasi. Nimeandika pengo la juu ambalo sindano ya kushonea ilikuwa inakaa humo huku akiongea. Palipokuwa na weupe nimeweka picha ya dirisha letu la jikoni. Nimeipiga mwenyewe, halina mtu, pazia la kwetu lenye doa. Themu ni hiihii uliyoinunua. Inatukaa vizuri, sina neno nayo.

Macho sikuyapata. Aligeuka haraka mno, na alikuwa anaitazama sufuria. Nimeuacha mstari mmoja mtupu kwa ajili yake. Huo nakuachia wewe. Wewe ndiye uliyenyonya mwisho, uliyatazama kwa karibu kuliko mimi.

Nimekusamehe siku nyingi. Nilikuwa nangoja tu hasira ichoke.

Dada yako

4 Mei

Dada,

Shikamoo, na asante. Barua yako nimeisoma mezani, ofisi nzima imeniona.

Nilifungua ule ukurasa nikaukuta mstari wako mtupu. Nikakaa mbele yake tangu asubuhi, sina kitu. Nilidhani nitakuandikia kwamba nimeshindwa. Nikaanza kuusogeza kidogo, ukae sawa na ile mistari mingine. Jirani yangu akacheka. Akasema, "Umeanza tena na hilo jicho lako." Safari hii akanigeuzia kioo cha simu yake ili nijione, nisibishe.

Nimemwona mama, Dada. Alivyokuwa akikunja mashuka ya hoteli, pindo juu ya pindo, anarudi hatua moja nyuma na kufumba jicho la kulia atazame kama limenyooka.

Mstari nimeujaza. Usome, na kama nimekosea rangi ya yale macho, irekebishe mwenyewe. Siku hizi unajua pa kubonyeza.

Kitinda wako